Unashuka Kwa Kaole?

Kijana wa bodaboda aliniuliza hivyo mkoba wangu ukiwa umeshafungwa nyuma ya pikipiki yake. "Unashuka Kwa Kaole au nikupeleke mpaka kanisani?" Tulikuwa hata hatujaanza kuupanda mlima wa kuingilia Muyama. Nikamuuliza huyo Kaole ni nani. Akajibu bila kugeuka kwamba hilo ni jina la pale tu, lilikuwapo tangu zamani, labda ni la mzee fulani aliyewahi kukaa hapo.

Si la mzee yeyote. Ni jina la kikundi cha maigizo cha Dar es Salaam, na waliolibandika kwenye ile nyumba ni watoto wa shule ya msingi, nami nilikuwa mmoja wao. Kijana huyu alizaliwa jina likiwa limeshakaa. Analitumia kila siku kutafutia riziki, kama vile wengine wanavyotaja Mwembeni mahali ambapo mwembe ulikatwa kabla ya wao kuzaliwa.

Msomaji aliyevuka miaka 35 hahitaji kuelezwa Kaole Sanaa Group ni akina nani. Hao ndio waliotuletea kupitia ITV tamthilia za Jahazi, Dira, Zizimo, Tufani, Gharika, Baragumu, Sayari na Taswira. Ndiko walikopita Steven Kanumba, Vincent Kigosi tunayemwita Ray, Blandina Chagula aliyebaki kuwa Johari, Nora, Swebe, Dokta Cheni, Bi Hindu, Muhogo Mchungu, na Mzee Kipara na ule upara wake. Televisheni hiyo hiyo ilikuwa na kikundi cha Mambo Hayo, cha akina Bishanga, Waridi, Richie na Monalisa. Ukiwataja watu hawa kwenye basi la kwenda Kasulu leo hii, utamwona abiria wa kiti cha mbele anageuka.

Kwetu Muyama walifika kwa kahawa. Wakati huo kata yetu ilikuwa wilaya ya Kasulu, kabla Buhigwe haijawa wilaya mwaka 2012, na nguzo za TANESCO tulikuwa tukizisikia tu. Mzee mmoja mnunuzi wa kahawa, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na geti la bati lililopakwa rangi ya buluu, alipata msimu mzuri. Akarudi kutoka Kigoma mjini na televisheni ya inchi 21, jenereta la petroli, na ungo mkubwa uliopandishwa juu ya lori la magunia. Fundi alitoka Kasulu kuja kuufunga. Siku mbili nzima alishinda juu ya paa akiusogeza kwa kidole, sisi tuko chini tunapiga kelele: "Bado! Bado! Rudisha!" Jioni ya siku ya pili chenga zikatawanyika, uso wa mtu ukatokea, na uwanja mzima ukanyamaza.

Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Mtoto asiye na hela alileta ndoo ya maji kutoka bondeni au mzigo wa kuni, na hakuna aliyerudishwa. Jenereta lilichimbiwa shimo nyuma ya migomba ili mngurumo usizidi sauti za waigizaji, lakini ulizidi. Wazee walikalia mabenchi, akina mama mikeka, na sisi tulikalia sakafu ya mbele kabisa, shingo zimepinda. Waliochelewa waliangalia kupitia dirishani, na ule ubaridi wa milima ya Buha ukiwapiga mgongoni. Petroli ikiisha katikati ya kipindi, kofia ilizunguka, sarafu zikakusanywa gizani, na kijana akatumwa mbio. Mara nyingi aliporudi kipindi kilikuwa kimekwisha. Hapo ndipo watu walibaki kubishana hadi usiku mkubwa juu ya kile ambacho lazima kilitokea.

Bibi yangu alikuwa haachi kwenda. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni: bei, chumvi, mafuta ya taa, shikamoo ya afisa. Kiswahili cha Kaole kilikuwa kingine kabisa, cha mafumbo, kejeli za mawifi na misemo ya vijana wa vijiweni. Alizoea hadithi ambazo hazikuhitaji mkalimani. Redio ya nyumbani ilikuwa ikikamata matangazo ya Burundi, na tangu mwaka 1997 alikuwa akifuatilia Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio wa Studio Ijambo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, katika nchi iliyokuwa ikiwaka moto. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, na Mtabila kwenyewe, hapo hapo wilayani, kulijaa watu waliokimbia mambo yale yale yaliyokuwa yakiigizwa. Bibi alisikiliza huku akipukuchua maharage, na hakuna neno lililompita.

Kwa Kaole, nilikuwa mdomo wake. Nilikuwa darasa la tano, nimesimama nyuma ya bega lake, nageuza Kiswahili kuwa Kiha sikioni mwake. "Anasemaje?" "Anasema hataki kuolewa." "Kwa nini?" Hapo nilikwama, kwa sababu mwigizaji alikuwa ametaja vitu ambavyo hata mimi sikuvijua. Sikuwa nimewahi kuona daladala, kwa hiyo daladala ikawa lori la kahawa. Baa ikawa kilabu cha pombe ya ndizi kule njia panda. Walipokwenda ufukweni nilimwambia Bibi wako ziwani, maana Tanganyika alikuwa ameiona mara moja, alipopelekwa hospitali Kigoma. Msichana akitoroka kwao usiku, mimi nilimtelemsha bondeni, nikamvusha kijito, nikampandisha upande wa pili penye mikaratusi. Sikuwa nadanganya. Sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Na watoto wote tulifanya hivyo, kila mmoja kwa namna yake. Katika kila tamthilia kulikuwa na geti, na kwenye geti kulikuwa na mlinzi aliyeonewa na matajiri. Muyama yote ilikuwa na geti moja. Basi nyumba ikawa Kwa Kaole. Kona ambako malori yalinasa kila masika tukaiita Magomeni. Kichaka cha mikaratusi, ambako kaka zetu walikutana na wachumba zao, kikawa Ufukweni. Tulicheza tamthilia nzima nzima tukitoka shule, tukigombania nani awe Kanumba, na mtoto mmoja mpole asiye na ubishi alilazimishwa kuwa Mzee Kipara kila siku. Magomeni na Ufukweni majina yamekufa. La Kwa Kaole ndilo lililoshika.

Huwa nafikiri sana kuhusu mkoa wetu na picha. Desemba 1965, kituo cha CBS cha Marekani kilionyesha filamu ya Jane Goodall na sokwe wa Gombe, picha zilizopigwa na Hugo van Lawick, msimulizi akiwa Orson Welles. Familia za Marekani zilikaa sebuleni zikatazama msitu wa Kigoma. Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na haikuwa nayo kwa miaka mingine 29. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi. Bara tulibaki na redio, na redio ilitulea vizuri: Pwagu na Pwaguzi, halafu kuanzia mwaka 1993 Twende na Wakati, ambamo dereva wa malori Mkwaju aliwafundisha watu wazima habari za UKIMWI waziwazi kuliko mwalimu yeyote. Sheria ya Huduma za Utangazaji ilipitishwa mwaka huo huo wa 1993, na mwaka uliofuata ITV ikawa hewani.

Kisa cha Liemba ni cha ajabu zaidi. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja vipande vipande na kuunganishwa Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, nayo ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Hadithi za vita vya ziwa letu ndizo zilizompa C. S. Forester riwaya yake ya mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaitengeneza kuwa filamu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa ndani. Filamu ikapigiwa Kongo na Uganda. Ziwa likabaki hapa, picha ikachukuliwa kwingine. Nilipolijua hilo ukubwani niliona limefanana na kazi niliyokuwa nikiifanya sikioni mwa Bibi, ila imegeuzwa.

Dar es Salaam nilifika mwaka 2007 kwa treni ya Kigoma, katika reli iliyofika ziwani mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,250 za vumbi, muhogo wa kuchemsha na usingizi wa kukaa. Jumapili ya kwanza nilimwomba mjomba anipeleke kwenye nyumba ya Kaole. Hakucheka. Naye alikuwa ameziangalia tamthilia zile. Alinipeleka Mikocheni, kwenye eneo la viwanda, akanionyesha ukuta wa ITV na minara yake. Nilisimama nje nikitazama, moyo ukinienda mbio, nikitafuta geti la buluu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nyumba hiyo haikuwapo. Zilikuwapo nyumba nyingi. Tamthilia zile hazikuigiziwa studio. Ziliigiziwa sebuleni kwa watu, nyumba ya kuazima kwa shangazi wa mwigizaji, kwa jirani, kwa shabiki aliyefurahi kuona kochi lake litaonekana nchi nzima. Nilishuhudia jambo hilo mwenyewe nilipopanga chumba Sinza, ingawa wakati huo zama zilikuwa zimeshakuwa za filamu za kuuzwa kwenye kanda na sidii. Walikuja asubuhi na kamera moja, taa mbili na fimbo ndefu ya maikrofoni. Kwanza walichomoa friji kwa sababu ya mngurumo wake. Jogoo wa mama mwenye nyumba akafunikwa tenga na kusogezwa mbali. Sisi wapangaji tuliagizwa tusifungue maji bombani, watoto wakanunuliwa soda ili wanyamaze. Adhana ilipoanza wote waliketi wakasubiri. Halafu mtu akasema "Ekshen!" na mwanamke niliyemwona dakika moja kabla akichambua mchele na mama mwenye nyumba alianza kulia machozi ya kweli.

Niliangalia vitu vilivyokuwa nyuma yake: kabati la vyombo lenye vioo, maua ya plastiki, vitambaa vya kudarizi juu ya makochi, kalenda ya mwaka uliopita, saa iliyosimama. Hakuna aliyevipanga kwa ajili ya kamera. Vilikuwa vya mama mwenye nyumba, alivyovidunduliza miaka kumi.

Wako waliozibeza tamthilia zile. Picha ni za giza, walisema, sauti ina mwangwi, watu wanakaa kwenye kochi wanaongea nusu saa. Ni kweli waliongea. Maigizo yetu ya jukwaani, ya vikundi kama Muungano na TOT, yalizoea mwigizaji apewe kisa, kisha maneno ayatafute mwenyewe pale pale mbele ya watu. Anayeweza kufanya hivyo ana kipaji kikubwa. Mimi nasema sebule zile ndizo zilizotushika. Mtu wa Muyama aliyekuwa akikusanya mabati ya kuezekea alitazama nyumba ya mtu halisi, yenye ufa ukutani na pazia lililopauka, na aliamini kila kilichosemwa mbele ya pazia hilo. Nyumba za kifahari zilipokuja baadaye katika filamu, na magari ya kukodi yakiegeshwa mbele ya hoteli, Bibi alisema watu hawa sasa wamekuwa wageni.

Mwaka 2012 ilitoka Siri ya Mtungi, iliyoigiziwa Bagamoyo na Dar es Salaam, kisa cha Cheche mpiga picha na misukosuko ya nyumbani kwake. Hapo kwa mara ya kwanza niliweza kupanda basi, nikashuka, nikaitembea mitaa niliyoiona kwenye kioo: kuta za matumbawe, milango ya kuchonga, bahari mwisho wa njia. Lakini miguu haikutaka kuishia mjini. Nilikwenda kilomita kama tano kusini mpaka kwenye magofu ya Kaole, kwa sababu ya jina tu. Utotoni nilidhani Kaole ni mtu, pengine babu yao wote. Kumbe ni mji uliolala: magofu ya misikiti miwili, mkubwa ukiwa wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, kisima, na mikoko iliyoisukuma bahari mbali hadi majahazi yakahamia Bagamoyo. Mwongoza wageni alinieleza historia yote kwa utulivu. Mwishoni nikamuuliza kama anawakumbuka wale wa ITV. Uso wake ukabadilika. Tukakaa juu ya jiwe saa nzima tukizungumza habari za Mzee Kipara.

Mzee Kipara alifariki mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 2012. Kanumba alimfuata Jumamosi ya tarehe 7 Aprili, ana miaka 28. Ilikuwa Jumamosi Kuu. Nilikuwa nyumbani Muyama kwa Pasaka, akina mama wanapamba kanisa, na habari ikapanda mlima kwa simu. Kwanza watu walikataa. Kanumba hakuwa wetu kwa kuzaliwa, alikuwa wa Shinyanga, lakini kwetu Shinyanga ni njiani, basi la Dar linapita huko. Alikuwa mtoto wa bara aliyefika mjini na kusimama. Tulimwona akiwa kijana mwembamba wa Kaole, tukasikia ameigiza hadi Lagos na Wanaijeria katika Dar 2 Lagos, tukajigamba naye. Yule mzee wa kahawa aliliwasha jenereta mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafungua geti lote, na hakuna aliyeombwa kiingilio. Jumanne wakati wa kumuaga pale Leaders Club, uwanja wake ulijaa kama siku ile chenga zilipotawanyika. Bibi alikaa benchi la mbele. Hakuniuliza wanasemaje. Alikuwa akiona mwenyewe.

Mzee wa kahawa naye ameshatangulia. Nilipofika safari hii, nilimwambia kijana wa bodaboda anishushe pale pale. Geti limeondolewa, zimebaki nguzo mbili. Umeme wa gridi ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, majenereta ya dizeli yakazimwa, na sasa waya unapita juu ya paa alilosimama fundi. Ungo umeteremshwa. Uko uani, umelazwa juu ya matofali manne, na ndani yake umeanikwa muhogo.

Mjane wa mzee alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Wewe ndiye mjukuu aliyekuwa akimsemesha bibi yake." Alinikaribisha ndani. Niliuliza kuhusu kanda, kwa maana mzee alikuwa na deki na alikuwa akirekodi vipindi kwenye VHS. Akaleta boksi. Kanda tatu zilikuwa na neno KAOLE kwa peni ya wino wa bluu, juu yake limeandikwa neno jingine kwa mkono mwingine: HARUSI. Binti yao alipoolewa hapakuwa na kanda mpya, mpiga video akazitumia hizo. Hakulisema kwa majuto. Harusi ilikuwa nzuri, alisema.

Halafu akavuta kigoda karibu. Alikuwa na jambo la kuniuliza. Miaka yote ile yeye naye alikuwa akikaa mkekani nyuma ya Bibi, na Kiswahili kilimshinda kama kilivyomshinda mwenzake, kwa hiyo alikuwa akiifuata tamthilia kwa sauti yangu. Kuna usiku petroli iliisha na hakuna aliyerudi nayo. Yule msichana aliyetoroka, je, mama yake alimpata?

Nikamuuliza ni tamthilia ipi. Jina hakulijua. Akaanza kunisimulia ili nikumbuke. Msichana alikuwa na gauni jekundu. Baba alitaka kumwoza kwa mwenye malori. Usiku ule akaruka dirishani, akateremka bondeni huku mbwa wakibweka, akavua viatu, akavuka kijito pale penye jiwe bapa tunapofulia, akapanda kwenye mikaratusi, akasimama juu kule akitazama taa za kwao. Mama yake akatoka na karabai. Alikuwa amefika kwenye kona malori yanaponasa, anaita jina la mwanawe, ndipo jenereta likazima.